Siku Tulipoteketeza Sotoka

Sotoka, ugonjwa wa virusi unaoua ng'ombe na nyati, ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, miaka 10 baada ya kuonekana mara ya mwisho kwa nyati wa Mbuga ya Meru, Kenya. Porini ilikuwa imekwisha. Kwenye friza za maabara virusi vilikuwa hai, salama salimini, nyuzi 80 chini ya sifuri. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ikataka sampuli ziteketezwe au zipelekwe kwenye vituo vichache vilivyoidhinishwa. Zamu yetu ilipofika, mimi nilishika daftari.

Kazi ilichosha kuliko kutisha. Wino umefifia, lebo zimebanduka, mwandiko ni wa watu waliostaafu kabla sijaanza shule. Mmoja anasoma namba ya kichupa, mwingine anaandika, wa tatu anatia sahihi, kisha vyote kwenye mtungi wa mvuke, nyuzi 121. Gonjwa lililofyeka ng'ombe wa Wamaasai miaka ya 1890, watu wakafa njaa, likatoka humo likiwa mfuko wa plastiki uliosinyaa.

Afisa wa usalama aliyeletwa kushuhudia hakuwa amesema neno tangu asubuhi.

"Daktari, zimeisha?"

"Zimeisha, afande."

"Na ile mliyoweka kwenye kompyuta?"

Alimaanisha jenomu, yaani maelekezo yote ya kijenetiki ya kirusi: herufi zipatazo 16,000, ziko wazi mtandaoni, anayetaka anapakua. Nikaanza kumweleza kwamba herufi si kirusi. Akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza kama si kweli kwamba Wamarekani waliunda kirusi cha polio kutokana na herufi mwaka 2002, kwa vipande vya DNA walivyoagiza. Kweli tupu, mimi mwenyewe nilikuwa nikiifundisha darasani.

"Sasa anayeagiza hivyo vipande vya DNA, anakaguliwa na nani?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo. Mkataba wa 1972 unapiga marufuku silaha za kibiolojia, lakini hauna wakaguzi hata mmoja. Miezi michache baadaye niliomba kuhamia upande wa sera. Wenzangu wa maabara walicheka, wakasema nakwenda kuwa karani wa majasusi. Hawakukosea sana, maana siku hizi koti langu jeupe linaning'inia mlangoni na kutwa nzima nasoma rasimu.

Mwaka 2018 wanasayansi wa Kanada walichapisha jinsi walivyounda ndui ya farasi kwa vipande vya DNA vilivyoagizwa kwa posta. Afande akanitumia ujumbe: "Umeona?" Nikamjibu kwamba kikao kijacho aje na mtu wa forodha.