Picha nzuri, lakini inaganda

Jamani, hizi gemu mpya za kupiga risasi zinapendeza, ila kukwama kumezidi! Jana naingia mlangoni, adui yuko mbele yangu, picha ikaganda. Ilipoachia, nimeshakufa. Inauma.

Kwa fremu 60 (yaani picha moja moja zinazounda mwendo) kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 hivi za kuchorwa. Gemu ikianza kutayarisha sheda (programu ndogo zinazoielekeza kadi ya picha namna ya kuchora mwanga na rangi) katikati ya mapambano, muda huo unapitiliza, na kushusha ubora wa picha mara nyingi hakusaidii.

Milio ya bunduki naipenda kweli, ramani pia. Watengenezaji, tafadhali, tayarisheni sheda kabla ya mechi. Nitakaa nikiangalia asilimia zikipanda, bila kinyongo kabisa.

Nyie wenzangu, zenu zinakwama wapi zaidi?