Nilivyopata matibabu ya uraibu wa bangi Dar es Salaam

Mtu anayetumia heroini jijini Dar es Salaam anajua pa kwenda, kwa sababu tangu kliniki ya methadoni ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 2011, huduma hiyo imefika Mwananyamala, Temeke na mikoani. Mimi nilikuwa mvutaji wa bangi wa miaka mingi, karani wa ghala, na nilipoona silali wala sili bila msokoto, nilidhani foleni ya methadoni ni yangu pia. Muuguzi alinieleza kwa upole kwamba methadoni hutibu uraibu wa heroini na dawa za jamii yake, na kwamba bangi haina dawa ya namna hiyo. Akanielekeza kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Maelezo hayo yangefaa kubandikwa mlangoni.

Nilisita kwenda, kwani kuwa na bangi ni kosa la jinai, na kijiweni kwetu iliaminika kwamba daktari akishajua, polisi nao watajua. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa daktari lilihusu siri, naye akanihakikishia kuwa nitakayomweleza yatabaki kwenye faili la matibabu. Ndipo akaanza kuuliza: katika miezi mitatu iliyopita nimevuta mara ngapi, kazi zipi zimenishinda kwa ajili hiyo, nani nyumbani amelalamika, nimewahi kujaribu kuacha nikashindwa. Aliuliza pia kama nasikia sauti wasizozisikia wengine, maana kwa baadhi ya watu bangi huchochea ugonjwa wa akili, na hao huhitaji tiba zaidi ya mazungumzo.

Ndugu zangu walitaka nipelekwe soba hausi, yaani nyumba wanakokaa waraibu wanaoacha dawa za kulevya. Siwalaumu, na zipo zinazosaidia, lakini nyingi zimejengwa juu ya uzoefu wa heroini, hutoza ada ya kila mwezi na humtenga mtu na kazi yake kwa muda mrefu. Daktari aliona inatosha nitibiwe nikitokea nyumbani. Gharama iliyoniumiza ikawa nauli na ruhusa ya kazini; niliomba cheti cha mahudhurio kisichotaja ugonjwa, nikapewa bila shida.

Alinitahadharisha kwamba hasira, jasho, ndoto mbaya na kukosa hamu ya kula vingeanza ndani ya siku chache, vizidi katika wiki ya kwanza, kisha vipungue taratibu. Ilikuwa hivyo hasa, na kujua mapema kulimsaidia mke wangu kuliko hata mimi, kwa kuwa aliacha kudhani nimemchukia. Kwa mnasihi nilitakiwa kuandika kwenye daftari saa ambazo hamu inanijia, na kurasa zikaonyesha waziwazi kwamba inanijia baada ya kufunga ghala na siku ya mshahara. Tukabadilisha njia ya kurudi nyumbani, na siku ya mshahara laini yangu ya simu ikawa inakaa kwa mke wangu. Vijana wa kijiweni walinicheka kwa hilo la laini, wakazoea.

Siku hizi miadi yangu imeachana mbali, na kinachozungumzwa zaidi ni usingizi, ambao umechelewa kurudi kuliko vingine vyote.