Sentimita Mbili za Kitambaa

Ukiishi Innsbruck, Austria, huwezi kujifanya hujui kuruka kwa skii, zile mbao ndefu nyembamba za kuteleza kwenye theluji. Mnara wa kilima cha Bergisel unauona kila ukiinua macho, na majira ya baridi yakifika watu wazima wanabishana kuhusu mita na upepo hadi chakula kinapoa. Nilikuwa mwanafunzi huko, na mchezo huo niliutazama juujuu tu: mtu anateremka, anaruka, anatua, watu wanashangilia. Aliyenifungua macho ni jirani yangu wa bwenini, dada aliyekuwa mrukaji tangu utotoni mpaka goti lilipomgomea. Ilikuwa tarehe 7 Februari 2022, siku ya mashindano ya timu mchanganyiko katika Olimpiki ya Beijing.

Kule Zhangjiakou, China, mashindano yalikofanyika, usiku ulikuwa umeingia. Kwetu ilikuwa mchana, tumejazana jikoni mbele ya kompyuta moja. Mashindano hayo, wanawake wawili na wanaume wawili kwa kila timu, yalikuwa yanafanyika kwa mara ya kwanza kwenye Olimpiki. Katika raundi ya kwanza kati ya mbili, Sara Takanashi wa Japani akaruka mita 103, mruko safi kabisa. Baadaye kidogo tukasikia kaondolewa, yaani mruko wake umefutwa. Katika raundi hiyohiyo wakaondolewa pia Katharina Althaus wa Ujerumani, ambaye siku mbili nyuma alikuwa ametwaa medali ya fedha, na Daniela Iraschko-Stolz wa Austria. Hapo jikoni pakalipuka. Kosa lao wote lilikuwa moja: suti kubwa kupita kipimo. Ya Takanashi ilisemekana imezidi sentimita mbili kwenye mapaja.

Nikauliza, nadhani kwa sauti ya dharau kidogo, sentimita mbili za nguo zina nini cha kumfukuzisha mtu Olimpiki.

Jirani hakunijibu. Alikwenda chumbani kwake, akarudi amevaa suti yake ya zamani juu ya soksi. Akaniambia nishike kitambaa pajani na kukivuta. Nilitegemea kitu chepesi, kumbe ni kinene, kina sponji katikati, kinabonyea kisha kinarudi taratibu. Unene wake, alisema, lazima uwe kati ya milimita 4 na 6. Kisha akanipa ukingo wa mkono wa suti niuweke mdomoni na kupuliza. Pumzi ilipita, lakini kwa kulazimisha. Hiyo nayo ina sheria: kila mita ya mraba ya kitambaa ipitishe angalau lita 40 za hewa kwa sekunde, na sehemu zote za suti zilingane. Ukivaa kitambaa kisichopitisha hewa, upepo unaokupiga kifuani na tumboni unanasa, unakubeba. Ukilegeza mapajani au ukishusha mshono wa kati ya miguu, umejishonea tanga.

Alipanda kiti (nilikishika miguu, maana kilikuwa kibovu) akainama mbele mpaka pua ikakaribia kupita ncha za vidole vya miguu, mikono ameibana nyuma ya mapaja. Mrukaji huondoka kwenye kijukwaa, ukingo wa mwisho wa njia ya kuteremkia, akiwa na kasi ya karibu kilomita 90 kwa saa, na watu wengi hudhani anarushwa juu. Hapana: kijukwaa chenyewe kimeinama kuelekea chini. Kinachomweka angani ni hewa inayogonga skii na mwili kwa chini. Ndiyo maana upepo wa mbele, ambao mkimbiaji anaulaani, mrukaji anauombea. Na ndiyo maana tangu mwaka 2010 au karibu na hapo waamuzi humpunguzia pointi aliyebahatika kuupata na kumwongezea aliyesukumwa mgongoni.

Zamani skii zilibebwa sambamba. Mswidi Jan Boklöv akaja na mtindo wa kuzitanua mbele kama herufi V, mwili ukalala katikati yake, hewa ikapata eneo kubwa la kusukuma. Majaji walimkata pointi za mtindo kwa kuwa mruko wake ulionekana mbaya, naye akaenda mbali kiasi cha kutwaa Kombe la Dunia msimu wa 1988/89 hivyohivyo. Hiki kisa jirani alikisimulia kwa furaha isiyofichika. Muda si mrefu kila mtu akaruka kama Boklöv.

Skii nazo ni bawa, kwa hiyo zina kikomo: asilimia 145 ya urefu wa mrukaji. Jirani ana sentimita 170, zake zingeweza kufika karibu mita mbili na nusu. Ila urefu huo anaupata mwenye uzito wa kutosha. Akikonda chini ya kiwango, skii zinakatwa fupi. Aliposema hili aliacha mzaha. Mwili mwepesi huelea zaidi, na kabla ya sheria hiyo kulikuwa na warukaji waliojinyima chakula mpaka wakaugua. Kwangu mimi hiyo ndiyo sheria bora kuliko zote za mchezo huu.

Tuliporudi kwenye kompyuta raundi ya pili ilikuwa inaendelea, na Wanorwe wawili, Anna Odine Strøm na Silje Opseth, wakaondolewa pia. Wanawake watano, timu nne, jioni moja. Mimi nikasema huo ni uonevu, suti zipimwe zote kabla ya mruko na mambo yaishe. Jirani akavuta kitambaa cha kiunoni, akakishusha vidole viwili, akaniuliza nani atamzuia mtu kufanya hivyo akiwa juu ya mnara peke yake. Ukaguzi wa baada ya kutua lazima ubaki. Lakini hata yeye alikubali kwamba kuwakazia kamba wanawake namna ile, katikati ya Olimpiki, kuna namna.

Slovenia walishinda kwa pointi 1001.5, mbali mno na wengine. Warusi wakapata fedha. Kanada, ambao hawakuwahi kupata medali ya Olimpiki katika mchezo huu, wakachukua shaba kwa 844.6. Japani wakawa wa nne kwa 836.3, na hesabu yao ilikuwa ya miruko saba badala ya minane, kwa sababu ule wa mita 103 ulihesabiwa sifuri. Takanashi alirudi akaruka tena raundi ya pili, machozi yakimtoka. Kwenye kilima cha ukubwa ule mita moja ni pointi mbili. Jirani alipiga hesabu kwa vidole, bado amevaa suti, akasema shaba imewapita kwa mita nne na kidogo.