Kushikiana brifu hakukunitosha

Kwa miaka minane nilifanya kazi ya uwakili peke yangu Arusha. Ushirikiano wangu na mawakili wenzangu uliishia kwenye simu ya asubuhi: "Wakili msomi, nishikie brifu leo, niko Moshi." Mwenzako anaingia mahakamani kwa niaba yako, anaomba ahirisho, anakutumia tarehe mpya.

Nilikuwa na kesi ya ardhi Mahakama Kuu, ya mama mmoja msimamizi wa mirathi ya marehemu mumewe, dhidi ya kampuni moja. Thamani ya eneo ilizidi shilingi milioni 300, kwa hiyo halikuwa shauri la Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Jaji alishatupa ahirisho la mwisho. Siku yenyewe nikawa na rufaa mbele ya Mahakama ya Rufani, iliyokuwa na kikao Moshi. Mahakama ya juu hutangulia, lakini sikuiandikia Mahakama Kuu barua, wala sikumpa mwenzangu aliyenishikia brifu nakala ya wito. Jalada lenyewe hakuwa amelifungua. Alipotakiwa aendelee na shahidi, akakosa la kusema. Shauri likafutwa.

Nilikwenda kumwambia mama nyumbani kwake. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, wewe usipokuwepo, nani mwingine anaijua kesi yangu?"

Ndani ya siku 30 nikawasilisha maombi ya kulirejesha shauri, na kwenye hati ya kiapo nikaeleza kila kitu kama kilivyotokea. Likarejeshwa. Swali la mama likabaki.

Nikaamua kutafuta wenzangu wawili. Kabla sijamwonyesha mtu jalada nilipata ridhaa ya mama kwa maandishi, na kila niliyemfuata nilimuuliza kwanza kama amewahi kuifanyia kazi kampuni tuliyoishtaki. Rafiki yangu wa tangu Shule ya Sheria alikuwa amewahi kuwaandalia mkataba, tukayaacha mazungumzo hapo hapo. Mwishowe nikampata mzee mmoja mzoefu wa mashauri ya ardhi, na dada mmoja aliyekuwa na mwaka wa pili tu tangu aapishwe. Mgawo wa ada tuliuandika na kuusaini siku ya kwanza. Najua urafiki wa mawakili uliovunjika kwa sababu ya ada isiyoandikwa.

Mwanzo haukuwa mzuri. Tulitumiana rasimu kwa WhatsApp hadi tukawa na matoleo manne ya hati moja, na mimi nikasahihisha la zamani usiku kucha. Tukakubaliana kwamba rasimu itunzwe na dada peke yake, na kwamba sote tutumie jedwali moja: hoja inayobishaniwa, shahidi wake, kielelezo chake, sheria inayoigusa. Kila mmoja wetu alipaswa kuweza kusimama na jedwali lile na kuendesha shauri siku yoyote.

Jedwali hilo ndilo lililotuonyesha kasoro. Dada, akijaza safu ya vielelezo, aliona namba za bikoni, yaani alama za mipaka ya ardhi, kwenye ramani ya mpima ardhi wa upande wa pili hazilingani na zilizo kwenye hati ya kampuni. Mimi nilikuwa nimezipitia karatasi hizo mara nyingi bila kuona. Dodoso la mpima ardhi, yaani kumhoji shahidi huyo wa upande wa pili mahakamani, lilikuwa la mzee, tena alikuwa amelingoja kwa hamu. Usiku wa kuamkia siku hiyo akafunga daftari lake: "Binti yangu, umeliona wewe, utauliza wewe."

Dada aliuliza maswali matano. Mimi nilikuwa nyuma yake nikimpa ramani, mzee akimwandikia kwenye kikaratasi neno moja: "Taratibu." Kwenye swali la nne shahidi akakiri kwamba bikoni alizopima si zilizo kwenye hati.

Hukumu ilitoka kwa upande wetu. Upande wa pili ukawasilisha notisi ya rufaa. Wiki iliyofuata mama alifika ofisini na hakunikuta, nilikuwa Moshi. Dada akamkaribisha kiti, akafungua jalada na kumweleza tulipofikia.