Wameniambia Udongo wa Kondoa ni Mwekundu Mno

Jumamosi iliyopita nilirudi nyumbani na karatasi iliyokunjwa mara nne mfukoni, na tangu siku hiyo nimeikunjua na kuisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kupata kutoka ofisi ya wageni. Ni karatasi ya alama kutoka maonyesho ya modeli, yaani mifano midogo ya mashine na watu, yaliyofanyika katika mji mmoja jirani na Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, ambako nimeishi kwa miaka tisa sasa. Jaji ameandika kwa mwandiko mzuri kwamba mtutu wa mzinga wangu umeundwa kwa uangalifu na ribiti zimepangika, lakini kutu imezidi, watu ni wengi kiasi cha kuuficha mzinga wenyewe, na udongo ni mwekundu mno, hauwezi kuwa wa kweli.

Mimi nimezaliwa Kondoa. Nimekulia katika udongo ambao mama yangu alipigana nao kila Jumamosi kwenye karai, na shati jeupe la shule halikupata kufika Jumatano likiwa jeupe. Makorongo yetu yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 1979 serikali iliondoa mifugo yote katika eneo lililoharibika, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na wazee wetu wakalia kwa ajili ya ng'ombe wao. Mtu ambaye hajakanyaga pale ameketi mezani, chini ya taa, akaniambia kwamba wekundu ule hauko duniani. Nimekwisha kuambiwa mambo mengi katika nchi hii, ya kazini na ya kwenye basi, nikayaacha yapite, lakini hili limenikaa kooni.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, kwa sababu najua nyumbani mtu mzima anayeunda mzinga wa plastiki ataulizwa kama hana watoto wa kuwasomesha. Modeli ninazounda ni za kipimo cha moja kwa thelathini na tano, maana yake kila kitu kimepunguzwa mara 35, kwa hiyo mtu wa mita 1.70 anakuwa na urefu usiotimia sentimita 5. Wenzangu chamani huunda vifaru na mizinga mizito ya vita kuu zote mbili, mingi ikiwa ya Ulaya, na huipaka matope ya Ulaya, yale ya kijivu na ya kahawia. Mimi nilichagua mzinga ambao dukani sikuuona, nao ni mzinga wa meli ya Königsberg.

Meli hiyo iliundwa hapa hapa Kiel na kushushwa majini Desemba 1905. Ninapokwenda kazini asubuhi ninavuka daraja ambalo kutoka juu yake naona maji ya bandari ile ile. Septemba 20, 1914 iliizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, ikiwa imetia nanga Unguja, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, ambamo Waingereza waliizingira kwa miezi mingi hadi walipoleta meli mbili za kivita zinazopita maji ya kina kifupi, Severn na Mersey, na Julai 11, 1915 Wajerumani wenyewe wakailipua ili isitekwe. Hadithi ya meli iliishia pale, na hadithi ya mizinga ndiyo ikaanza. Mizinga yake yote kumi ya sentimita 10.5 ilitolewa katika ile meli iliyokaa matopeni, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatengenezwa, mingine ikafungiwa magurudumu, na tangu hapo ikazungushwa nchini na jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Lettow-Vorbeck. Mei 1916 baadhi yake ilisikika kwetu, Kondoa-Irangi, ikiyapiga majeshi yaliyotoka Afrika Kusini.

Sasa fikiri jambo hili taratibu. Mtutu na kitako chake tu ni takriban tani moja na nusu, na uliundwa ukae juu ya sitaha ya meli, si juu ya njia ya mbuzi. Kutoka Reli ya Kati hadi Kondoa ni zaidi ya kilomita 150, mvua ikiwa bado haijakatika vizuri. Aliyeuvuta ni nani? Mgeni mmoja alisimama mbele ya meza yangu Jumamosi akaniuliza, kwa upole kabisa, kama kweli Afrika ilikuwa na vita wakati ule, na kabla sijamjibu nilihisi uso unapata moto. Nilimwonyesha kamba. Nilimwonyesha wale watu 36 waliozishika.

Watu hao ndio waliochukua muda wangu mkubwa, na ndio ambao jaji anasema ni wengi. Vikaragosi vinavyouzwa dukani ni askari wa Kizungu wenye buti na kofia za chuma, kwa hiyo miili yote niliifinyanga mwenyewe kwa puti ya sehemu mbili, ile inayochanganywa kwa vidole na kukauka baada ya saa chache. Kila mmoja nilimpa mgongo wake. Mpagazi anayevuta kwa mkono wa kulia huinama tofauti na yule aliyeipitisha kamba begani, na yule aliyeteleza huwa kiganja kimoja kimegusa ardhi. Bibi yangu alitusimulia kwamba baba yake alichukuliwa shambani akabebeshwa mizigo ya vita, na aliporudi bega lake moja lilikuwa limeshuka na halikupanda tena hadi anazikwa. Mtu wa nne kutoka mbele, upande wa kushoto wa modeli yangu, bega lake limeshuka. Hilo sikumweleza jaji, na fomu haikuwa na nafasi ya kulieleza.

Pale Dar es Salaam, kwenye Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927, maandishi yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Kariakoo tunayokwenda kununua vitenge imechukua jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Pande zote mbili ziliwatumia watu wetu, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na kuhara wala si kwa risasi, na majina yao hayakuandikwa. Ndiyo maana naona uchungu mtu anapotaka niwaondoe ili mzinga uonekane. Bila wao mzinga ungebaki Dar es Salaam.

Kuhusu kutu nina maneno zaidi, kwa sababu kuichakaza modeli ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na humo ndimo nilimofikiria sana. Modeli mpya iliyopakwa rangi hung'aa kama sufuria ya dukani. Kazi ya kuichakaza ni kuifanya ionekane imeishi mahali fulani, na kabla hujagusa brashi lazima ujue ni mahali gani. Mzinga huu ulikaa kwenye maji ya mikoko. Kwa hiyo nilianza na kutu: kahawia iliyokolea chini, kisha rangi ya chungwa iliyochovywa kwa kipande cha sponji kilichonyofolewa, si kwa brashi, maana brashi huacha mistari na kutu haina mistari. Ilipokauka nikapuliza dawa ya nywele, ile ya kawaida ya saluni, matabaka mawili. Juu yake nikapuliza kijivu cha meli kwa bunduki ndogo ya rangi. Baada ya nusu saa nikalowesha sehemu ndogo kwa maji ya uvuguvugu na kuikwangua kwa kijiti cha meno. Dawa ya nywele iliyo katikati inayeyuka, kijivu kinabanduka vipande vipande, na kutu inachungulia mahali ambapo ingechungulia kweli, kwenye kingo, kuzunguka ribiti, na chini ya mtutu ambako maji hukaa.

Halafu kuna sehemu zisizo na kutu, na hizi ndizo ninazotaka watu wazitazame. Kamba ikipita mahali pamoja siku baada ya siku hula rangi, ikala na kutu, ikaacha chuma cheupe kinachong'aa. Nilisaga risasi ya penseli ikawa unga, nikausugua kwa ncha ya kidole kwenye mkia wa fremu ya magurudumu inayobeba mzinga, pale kamba zinapofungwa, na kwenye mhimili wa gurudumu pale mikono inaposhika wakati wa kusukuma. Ukiinama ukaangalia kwa karibu utaona kwamba mng'ao wote uko kwa kimo cha mikono ya watu. Mwisho nikapitisha rangi ya mafuta iliyozimuliwa sana, tone moja moja, ikakimbilia kwenye mifereji midogo, nikaacha siku mbili ikauke kabla ya kuweka vumbi.

Kutu yenyewe nilijifunza kwa macho yangu. Mizinga mitatu ya Königsberg inayojulikana kubaki hadi leo iko Mombasa, Pretoria na Jinja, na ule wa Mombasa uko Fort Jesus pamoja na mzinga wa Pegasus, mshindi na mshindwa mahali pamoja. Mwaka 2009, kabla sijawaza kabisa kuhama, nilikwenda Mombasa kikazi nikaweka kiganja changu juu ya mtutu ule saa saba mchana, nikakiondoa upesi kwa joto. Hewa ya bahari haili chuma jinsi mvua ya Kiel inavyokila. Inakila kwa vidonda vidogo, rangi inavimba kwanza kama ngozi iliyoungua ndipo inapasuka. Vidonda hivyo nimevitengeneza kimoja kimoja. Kuambiwa kwamba vimezidi ni kuambiwa kwamba kiganja changu kilidanganya.

Na udongo? Wapo watakaouliza kwa nini sikuuleta wenyewe. Udongo kutoka kwetu hauruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya, kwa sababu ya magonjwa ya mimea, kwa hiyo wewe unayefunga sanduku sasa hivi usithubutu kutia hata kijiko kwa ajili ya kumbukumbu, maana utaanza maisha yako ya ughaibuni kwa kuandikiwa karatasi uwanja wa ndege. Nilimwomba mdogo wangu, anayeendesha fuso kati ya Kondoa na Babati, asimame karibu na Kolo, aweke karatasi nyeupe chini kando ya barabara na kuipiga picha pamoja na udongo, asubuhi, na tena jioni baada ya mvua. Karatasi nyeupe ndiyo iliyoniwezesha kujua picha imeongeza wekundu kiasi gani. Alinijibu, "Kaka, umeenda Ulaya kutafuta udongo?" lakini picha alituma sita. Nilichanganya unga wa rangi hadi ukafanana na karatasi ile, na kwa kuwaogopa watazamaji nikapunguza wekundu kidogo. Nilipunguza, na bado wakasema mno.

Gharama sitazificha. Chupa ya rangi ya mililita 17 ni karibu yuro 3, na modeli moja hula chupa kumi na tano. Kompresa ya kupulizia niliinunua iliyotumika, na hata hivyo pesa yake kwetu ingenunua mbuzi wa kutosha kuanzia zizi. Najua. Nilipomwambia mama bei ya brashi moja nyembamba alinyamaza kwenye simu, kisha akasema, "Mwanangu, ilimradi hulewi." Nawaambia wanaosubiri viza kwamba watu hukuandaa kwa ajili ya baridi, wakakununulia koti, wala hakuna anayekuandaa kwa ajili ya giza. Desemba hapa jua huzama kabla ya saa kumi jioni, unatoka kazini usiku na ulikwenda usiku, na chumba chako kina kitanda na simu. Nimewaona vijana wenye akili timamu wakianguka katika miezi hiyo. Jifunze Kijerumani kabla ya kuja, tena cha kutosha kugombana kwa adabu, na ukifika tafuta chama cha kitu chochote unachokiweza kwa mikono yako, kwa sababu Wajerumani hawakukaribishi nyumbani kwao upesi, ila chamani watakupa kiti na taa na hawatakuuliza unaondoka lini.

Hilo la kiti na taa nimelishuhudia. Jioni ile ile ya Jumamosi, nilipokuwa nikifungasha, mzee mmoja wa chama chetu, aliyestaafu kazi ya kukereza vyuma kwenye kiwanda cha meli, alikuja na lenzi yake akainama juu ya modeli bila kusema neno kwa muda mrefu. Kisha akaninyooshea kidole pale kwenye mng'ao wa kamba, akaniuliza, "Hapa ndipo walipovutia?" Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza tena kuhusu udongo, nikamwonyesha picha za Kolo kwenye simu, ile ya asubuhi na ile ya baada ya mvua, na karatasi nyeupe pembeni. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi jaji hajaiona hii," akaondoka.

Jumanne alipiga kengele mlangoni kwangu. Sikujua kama anajua ninapokaa. Alikuwa na bomba la kadibodi, na ndani yake, ukiwa umefungwa kwa kitambaa, mlikuwa na mtutu wa shaba nyeupe kutoka kwenye mashine yake mwenyewe ya kukerezea, urefu sentimita 12 kamili, yaani mita 4.2 zilizogawanywa kwa 35, unene ukipungua kuelekea mdomoni jinsi inavyotakiwa, na tundu limetobolewa. Wangu wa plastiki una milimita moja pungufu, na yeye aliliona hilo kwa macho. Alikataa pesa. Alikunywa chai ya tangawizi vikombe viwili, akaniuliza wapagazi walikula nini njiani, nikamweleza habari ya posho ya unga ambayo mara nyingi haikufika.

Tangu jana usiku nimeanza kubadilisha mtutu. Maonyesho mengine ni majira ya kuchipua, na nimekwisha kujiandikisha. Wapagazi nimewaongeza wanne upande wa kulia, kwa sababu kamba ile ilikuwa na nafasi, na kwenye magurudumu nimerudisha ule wekundu niliokuwa nimeupunguza.