Chui ambaye hakuna aliyemwona

Jirani anapaka rangi geti lake leo na harufu ya rangi ya mafuta imeingia mpaka jikoni, mwanangu kaziba pua, mi nimesimama dirishani naivuta tu. Akaniuliza, "Mama, unanusa nini?" Nikamwambia nanusa chui. Akaniacha nilivyo.

Ni kipindi kile nimemaliza form four nasubiri matokeo, mjomba akachoka kuniona nimelala kwenye kochi akanipeleka Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga. Njia nzima kwenye daladala ananisimulia Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini, alivyoanza kuchora miaka ya mwisho ya sitini kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya kupakia baiskeli, halafu 1972 polisi wakamfananisha na mtu mwingine wakampiga risasi, akafa. Miaka michache tu ya kuchora jamani, na mpaka leo watu wanakula kwa jina lake.

Basi siku moja fundi akanipa brashi niweke madoa. Chui alishapakwa njano, mkia umepanda juu, macho meupe yamekukodolea kama unamdai hela. Rangi ile ni nzito na inang'aa, ukiigusisha tu imeshakaa, hamna kufuta. Nikaweka doa la kwanza begani, likatoka duara zuri, la pili likavutika kidogo, fundi wala hageuki anaimba zake taarab, mkono unanitetemeka, nimebana pumzi, nikashuka nayo mgongoni doa kwa doa, nikawa sisikii tena magari wala kelele za wauzaji. Nilikuwa nimefika pajani, na hapo ndipo mama mmoja akasimama nyuma yangu. Mtanzania mwenzetu, kashika mfuko wa sokoni. Sote tukanyanyua vichwa maana wateja pale walikuwa Wazungu.

"Hamna za watu?" akauliza. "Wanyama wote hawa mimi nimewaona wapi? Serengeti kwenyewe sijafika."

Fundi akacheka. "Mama, chui hata mimi sijamwona."

Mama akatafutatafuta, akakosa, akaondoka.

Maneno yake hayajanitoka. Sam Ntiro, Mchaga yule, alichora watu tangu miaka ya hamsini, kuna picha yake ya 1956 ya wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, nzuri kweli, sasa ukitaka kuiona iko makumbusho ya MoMA, New York. Nyumba ya Sanaa nayo, ambako kina George Lilanga walifanyia kazi, imeshavunjwa. Nafasi Art Space, kile kituo cha wasanii kule Mikocheni, angalau vijana wanachora wanachotaka, ila nao ukiwauliza nani ananunua wanaishia kucheka. Na mimi ninayelalamika, sebuleni kwangu kuna kalenda ya benki.

Fundi lakini yale maneno yalimwingia. Wiki ile ile akachora harusi nzima, ngoma, mabibi na kanga zao, sufuria za pilau, akaiweka mbele kabisa akimsubiri yule mama. Ikanunuliwa na mtalii hata haijakauka vizuri. Fundi akahesabu hela, akanituma hadibodi nyingine.

"Tunachora harusi tena," akasema, "ila safari hii nyuma weka twiga."