Eliya baada ya Karmeli

Bwana asifiwe, wapendwa. Tafakari ya wiki hii ni 1 Wafalme 19:1-18. Someni sura ya 18 kwanza, maana bila Karmeli, mlima ambapo nabii Eliya aliwashinda manabii wa Baali, hamtaliona jambo lenyewe. Moto umeshuka, mvua imenyesha baada ya ukame mrefu, na muda si mrefu aliyeshinda amelala jangwani chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Siku ya vita alisimama imara. Vita vilipokwisha ndipo miguu ikaisha nguvu.

Wengi waliomaliza mionzi na dripu za saratani wanapita hapo. Wakati wa matibabu kuna tarehe, kuna daktari, kuna jumuiya inayoleta uji. Yakiisha, watu wanarudi makwao, na mtu anabaki na mwili asiouamini tena.

Mwaka 2013 jarida la Lancet Oncology lilichapisha uchambuzi wa tafiti za watu waliofikisha miaka 2 na zaidi tangu waambiwe wana saratani. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ilikuwa karibu sawa na ya watu wengine, asilimia 11.6 kwa 10.2. Kilichozidi ni wasiwasi, 17.9 kwa 13.9. Na pale walipolinganishwa na wenzi wao wa ndoa, wenzi ndio walioongoza kwa wasiwasi: 40.1 kwa 28.0. Kwa hiyo tukimjulia hali mama, tumuulize na baba aliyekaa kimya pembeni.

Hapa kanisa lina lake la kujibu. Dada ametoa ushuhuda, tumepiga vigelegele, na tangu siku ile tumemfunga mdomo. Akisema anaogopa, ataonekana anamkana Mungu aliyemponya. Basi anaogopa peke yake. Mlenda unachemka, mkono mmoja umeshika mwiko, wa pili unapapasa kovu chini ya khanga, mara kumi kwa siku. Pakipapaswa hivyo panauma, na maumivu hayo ndiyo anayodhani ni uvimbe umerudi. Wiki ya kwenda kliniki ndiyo ngumu zaidi: tiketi ya treni ya Dar es Salaam imekatwa, usingizi hakuna, tumbo linavurugika. Wapo wanaoikwepa tarehe kabisa. Wanapata nafuu ya siku mbili tatu, kisha hofu inarudi na riba.

Tazameni Mungu alivyomtendea Eliya. Hakumkemea kwa imani haba. Alimwacha alale, akamlisha mkate na maji, akalala tena, akamlisha tena, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa mno kwake. Mazungumzo yalikuja baadaye, na mwisho akampa mwenzake, Elisha.

Nasi tuanzie mwilini. Aliyemaliza matibabu atembee dakika 30, mara 3 kwa wiki, asubuhi kabla jua la Dodoma halijakaza, na asitegemee kuona tofauti kubwa kabla ya wiki kadhaa. Mpango uwe wa wiki 12. Hofu itengewe dakika 15 jioni, iandikwe kwenye daftari, isipelekwe kitandani. Ikipanda ghafla, avute pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, dakika 5. Kujikagua kuwe kwa ratiba aliyokubaliana na daktari. Lakini maumivu mapya yanayopita wiki 2, damu, au kukonda bila sababu, asingoje tarehe ya kliniki.

Yapo maswali mawili ambayo hata mzee wa kanisa anaweza kuuliza. Kwa wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umejisikia huzuni au kukata tamaa? Kila jibu lina alama: hapana kabisa 0, siku kadhaa 1, zaidi ya nusu ya siku hizo 2, karibu kila siku 3. Jumla ikifika 3, aonane na daktari. Aseme pia alitibiwa wapi mwilini. Mionzi ya shingo inaweza kudhoofisha tezi ya shingo, na ya nyonga hukomesha hedhi mapema. Uchovu na kukosa usingizi unaotokana na hayo hufanana sana na sonona.

Anayemeza tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, amtajie daktari kabla ya kupewa dawa ya sonona. Ini ndilo linaloigeuza tamoksifeni kuwa na nguvu, na baadhi ya dawa za sonona, fluoksetini na paroksetini, huizuia kazi hiyo. Zipo nyingine za kuchagua. Dawa hizi huchukua wiki 2 hadi 6 kufanya kazi; wengi huziacha wiki ya kwanza, walipoona kichefuchefu tu.

Nasi watu wa Dodoma tuache kulifanya jina la Mirembe kuwa tusi. Ile ni hospitali ya magonjwa ya akili, na wapo wanaotibiwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Eliya aliomba kufa. Ukimsikia mtu akisema bora Bwana amchukue, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, msimwache peke yake, ondoeni sumu ya shambani nyumbani, dawa zake ashike mwingine, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Wiki hii, kila nyumba yenye aliyepona saratani iendewe na watu wawili, wasizidi, wakiwa na chakula mkononi. Kabla ya kuomba, wamuulize analalaje, kisha wakae wasikilize.